UZI: Kitanda cha dabo deka cha watoto, kukijenga mwenyewe hapa Mwanza kikabeba bila kutegemea misumari

BabaWatatu

Habari za jioni wakuu. Kuna ndugu aliniuliza vipimo vya kitanda cha watoto nilichojenga, nikaona nikimjibu peke yake wengine watakosa. Naandika yote hapa, ni marefu, mnivumilie.

Mimi si fundi seremala. Naishi Buhongwa, nina watoto watatu, chumba chao ni futi 10 kwa 10. Kitanda hiki nimekijenga kwa mikono yangu baada ya kile cha kwanza kuanguka, na nitaanzia kwenye hicho kilichoanguka.

Nilikinunua kwenye karakana moja hapa mjini. Kilipendeza kweli, vanishi inang'aa, kichwani kimechongwa maua. Miezi minane baadaye, saa nane usiku, nikasikia mlio kama mlango uliobamizwa na upepo. Nilipoingia na tochi ya simu nikakuta kona moja ya kitanda cha juu imeshuka, imeinama juu ya mto wa kitanda cha chini. Binti yangu mkubwa ameshika kingo kwa mikono miwili, halii, ananitazama tu. Mdogo wake anayelala chini alikuwa na homa usiku ule, amelala kwa mama yake. Mpaka leo nikilala huwa naona ule mto.

Asubuhi nikakifungua. Ubavu wa juu ulikuwa umepigwa kwenye tendegu kwa misumari miwili ya inchi 4, basi. Chini yake hakuna kitu kilichouzuia usishuke. Misumari ilikuwa imepinda kama ndoana, na ile sehemu iliyokuwa ndani ya mbao imesuguliwa mpaka inang'aa. Tundu lenyewe lilikuwa si duara tena, limepanuka likawa umbo la yai. Maana yake kila usiku mtoto akipanda na kushuka, kitanda kilikuwa kinayumba kidogo, na msumari unasaga mbao kidogo. Ilikuwa kazi ya miezi minane, sisi tunasikia tu kinalia tukasema ni kawaida ya vitanda.

Nikaweka ile misumari mfukoni, nikaenda nayo Igombe kwa mjomba wangu ambaye ametengeneza mitumbwi tangu sijazaliwa. Akaigeuza kwenye kiganja, akaniambia: "Mjomba, msumari kazi yake kushika. Kubeba ni kazi ya mbao." Akanionyesha mtumbwi aliokuwa akiuziba nyufa kwa pamba, namna mbao za pembeni zinavyokaa kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani za mtumbwi, kabla hata ya kupigiliwa. Uking'oa msumari mmoja, ubao hauanguki, una mahali pa kukaa.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike kwenye uzi huu. Kila kilo iliyo kitanda cha juu itafute njia ya kufika sakafuni ikipita mbao juu ya mbao. Bolti na skrubu ziwe za kuzuia mambo yasiachane, zisiwe ndizo zinazobeba mtoto.

Naweka kwanza mbao, halafu vipimo.

BabaWatatu

MBAO. Nyingi tunazopata hapa ni za mpaina. Zinatoka Sao Hill kule Mufindi, nyingine hapa hapa kanda yetu: shamba la miti la Rubya kisiwani Ukerewe, na Buhindi kule Buchosa, ambazo siku hizi zinaweza kupita daraja la Kigongo–Busisi tangu lilipofunguliwa Juni 2025, badala ya kusubiri kivuko. Mpaina unatosha kabisa kwa kitanda cha watoto. Ni mwepesi, unakatika vizuri, skrubu inaingia bila kuupasua ukitoboa kwanza. Mninga ni mzuri zaidi lakini uzito wake na bei yake ni habari nyingine.

Ukifika kwa muuza mbao mwambie mapema: SITAKI ZA DAWA. Zile mbao zenye rangi ya kijani kijani ni za paa. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za namna hiyo ina shaba, kromu na arseniki. Arseniki ni sumu. Mtoto anashika kingo, anaweka mkono mdomoni, wadogo wanatafuna kingo kabisa. Na wenye jiko la kuni wasikilize hapa: vipande vya mbao za dawa visiingie jikoni hata kimoja, maana sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu.

Jambo la pili ni ubichi. Ubao mbichi ukiugusisha shavuni unasikia ubaridi, na ukiuinua pamoja na mwenzake wa kipimo hicho hicho unajua upi umejaa maji. Ukijenga na mbichi, kitanda kitakauka kikiwa tayari kimefungwa, mbao zitasinyaa, viungo vitalegea na nyingine zitajikunja. Mimi nilizipanga kivulini nyuma ya nyumba, kila safu nimeitenganisha na fito ili upepo upite, zikakaa wiki nne. Mke wangu alichoka kuziruka wakati wa kuanika nguo lakini alinielewa.

Angalia pia vifundo. Kifundo kidogo katikati ya ubao si tatizo. Kifundo kikubwa kwenye ukingo wa ubao utakaokuwa ubavu, urudishe. Na ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini, hao ni fukusi, usiulete huo ubao nyumbani.

Mpangaji_Igogo

Mkuu nakufuata kwa karibu. Sisi tuliopanga mlimani je? Kwangu Igogo njia ya kufika ni kati ya mawe, bodaboda yenyewe inaishia chini. Kitanda cha dabo deka kilichokwisha kuunganishwa hakipandi huku. Na mwenye nyumba akinipa notisi nitakishushaje?

BabaWatatu

Mkuu wa Igogo swali lako ndilo lililonifanya nitumie bolti. Hata kwangu tambarare hakipiti mlangoni. Kata kila kitu chini kwa muuza mbao au uani kwa mtu, panda na vipande, unganisha chumbani. Ubavu wa kitanda hiki ni futi 6 na inchi moja, mtu mmoja anaubeba begani kwenye kona za mawe. Ukihama unafungua kwa spana, unaandika namba kwenye kila kiungo kwa kalamu ya rangi, unashuka nacho.

Sasa VIPIMO. Godoro ni futi 3 kwa 6, unene inchi 4, juu na chini. Pima godoro lako mwenyewe kabla hujakata, na pima mbao zako, maana ukiuziwa mbili kwa nne unaweza ukakuta ni inchi moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Hapa naandika kana kwamba zimetimia, wewe rekebisha.

Nunua mbao za futi 12. Mbili kwa nne ziwe tano, mbili kwa sita ziwe nne, moja kwa nne ziwe kumi na mbili.

Matendegu manne ya inchi 71 yanatoka kwenye mbili kwa nne mbili za kwanza, kila ubao unatoa mawili. Mbavu nne (wenzetu wa pwani huziita mifumbati, karakana za huku tunasema mbavu) ni mbili kwa sita, inchi 73. Hapa msikosee kama nilivyotaka kukosea: ubao wa futi 12 ni inchi 144, hautoi mbavu mbili, zinapelea inchi mbili. Kila ubao unatoa ubavu mmoja wa inchi 73 na kitakizo kimoja cha inchi 47, yaani ule ubao wa kichwani au miguuni. Mbao nne zinakupa mbavu nne na vitakizo vinne, na kila moja inabaki na kipande cha karibu futi mbili. Kitunze, ni vipago vya ngazi.

Mtu atauliza kwa nini mbili kwa sita na si mbili kwa nne, ni nafuu. Uwezo wa ubao kuhimili bila kuvunjika unaongezeka kwa mraba wa kimo chake. Sita ukigawa kwa nne ni moja na nusu, mraba wake ni mbili na robo. Ubao umeongezeka nusu, nguvu imezidi maradufu. Watoto watatu wakipanda juu siku moja kucheza, na watapanda, hapo utaona faida yake.

Sasa moyo wa kitanda. Kila tendegu lina sehemu mbili: ubao mrefu wa nje wa inchi 71, na kwa ndani yake vipande vitatu vya mbili kwa nne vilivyogandishwa kwa gundi ya mbao na skrubu. Kipande cha kwanza kinasimama sakafuni, inchi 8. Juu yake unakaa ubavu wa chini, ambao ni inchi 6. Juu ya ubavu kinakaa kipande cha pili, inchi 36. Juu yake unakaa ubavu wa juu. Halafu kipande cha tatu, inchi 15, kinafika usawa wa juu wa tendegu. Jumlisheni: 8 na 6 na 36 na 6 na 15, jumla 71.

Mnaona kilichotokea? Ubavu wa juu umekalia kipande cha inchi 36, nacho kimekalia ubavu wa chini, nao umekalia kipande cha inchi 8, nacho kiko sakafuni. Ukitoa bolti zote kitanda kitayumba lakini ubavu hauna pa kuangukia. Kata vile vipande vya inchi 36 vyote kwa pamoja, vifunge uvikate mara moja, kwa sababu kimoja kikiwa kifupi hata kwa unene wa ukucha, kona hiyo itarudi kubebwa na bolti.

Bolti za kushika mbavu ni za inchi 5, mbili kila kona, jumla 16. Vitakizo vinapita nje ya matendegu kwa upana wa kitanda, vinashikwa kwa bolti ndefu za inchi 7, moja kila kona, jumla 8, pamoja na skrubu mbili mbili. Weka washa (zile pete bapa za chuma) pande zote, bila washa nati inazama kwenye mpaina kama kidole kwenye ugali. Na msitoboe bolti ya kitakizo kwa kimo kimoja na zile za ubavu, zitakutana ndani ya tendegu. Mimi nilitoboa tundu la kwanza nikagonga chuma.

FundiMkongwe

Kijana nimekusoma. Nimefanya useremala miaka zaidi ya thelathini, na kabla sijasema lolote, huyo mjomba wako nampa heko.

Ila niongeze. Sisi wa zamani tunachonga ulimi kwenye ubavu na tundu kwenye tendegu, kwa patasi. Nao ni mbao juu ya mbao. Kazi mbaya ni ya mtu aliyeacha ulimi akaweka msumari peke yake kwa sababu mteja anaharaka na vanishi itaficha. Msimamo wako ni sahihi, lakini wasomaji wasije wakadhani kitanda kisicho na bolti ni kibovu. Wakienda dukani wainame watazame chini ya ubavu wa juu. Waulize: hapa panabebwa na nini? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

La pili, hujasema kuhusu kuyumba. Kitanda kirefu kikiwa na pembe nne tu kinataka kulala upande kama fremu ya mlango kabla haijajengewa. Weka ubao mmoja wa mshazari upande wa ukutani, kutoka chini ya tendegu moja hadi juu ya jingine. Utaona mlio umekwisha.

BabaWatatu

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, la mshazari nilikuwa nimelifanya nikasahau kuliandika, nao uko upande wa ukutani kama ulivyosema. Kwenye ulimi na tundu nakubali kabisa. Patasi yangu haikuwa na uwezo huo ndiyo maana nikaenda kwenye vipande.

FundiMkongwe

Marahaba. Endelea.

MamaMapacha

Samahani jamani, mimi mbao sizijui ila nina mapacha wa miaka minne na dada yao ana tisa. Nani alale juu? Na kingo ziwe ndefu kiasi gani? Wa kwangu mmoja anazunguka usingizini mpaka asubuhi namkuta kichwa kiko miguuni.

BabaWatatu

Dada, mapacha wote walale chini, dada yao juu. Chini ya miaka sita asilale juu. Hilo Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wamekubaliana, na mimi nakubaliana nao kwa yale niliyoyaona kwa wa kwangu. Mtoto wa miaka minne akiamka usiku kwenda chooni hakumbuki kwamba yuko juu, anateremka kama yuko kwenye mkeka.

Kuhusu kingo, Marekani wana kanuni za vitanda hivi zilizopitishwa mwaka 1999, na nilizifuata. Kitanda ambacho chaga zake ziko zaidi ya inchi 30 kutoka sakafuni lazima kiwe na kingo pande zote mbili, na ile ya ukutani iwe nzima bila kukatika. Wengi huku tunaacha upande wa ukutani wazi, tunasema ukuta upo. Kitanda kinasogea. Pakipatikana nafasi kati ya godoro na ukuta, mwili wa mtoto unateleza kule, kifua kinabanwa na hawezi kujinasua. Upande wa ukutani ndio wa kuogopa zaidi.

Upande wa mbele unaruhusiwa kuacha nafasi ya kupandia, isizidi inchi 15. Kingo ipande juu ya godoro angalau inchi 5. Ulaya wanataka sentimita 16, karibu inchi 6 na robo. Na nafasi kati ya mbao za kingo isizidi inchi 3 na nusu, kwa sababu kiwiliwili cha mtoto mdogo kinaweza kupita mahali ambapo kichwa hakipiti. Miguu inatangulia, kiuno kinafuata, kichwa kinakwama, mwili unaning'inia. Nilipolisoma hilo nilichukua futikamba nikaenda kupima kile kitanda cha kwanza kilichokuwa bado kiko uani. Nafasi ilikuwa inchi 5.

Kwenye kitanda changu chaga za juu zinafika inchi 57 kutoka sakafuni, godoro linafika 61. Kila upande nimeweka mbao mbili za moja kwa nne: ya kwanza inaanza inchi 60 hadi 64, ya pili 67 hadi 71. Nafasi zote ni inchi 3. Juu ya godoro zinabaki inchi 10.

Mbao za kingo za upande mrefu zifungwe kwa NDANI ya matendegu. Mtoto akizunguka usingizini anausukuma ubao dhidi ya tendegu. Ukiufunga kwa nje, kila akisukuma anang'oa skrubu. Ndiyo maana umbali kati ya mbavu nimeweka inchi 39, si 37: inchi 36 za godoro, inchi mbili za kingo pande zote, moja ya kupitisha mkono unapotandika shuka.

MamaMapacha

Nimeelewa kaka. Ila mimi nina godoro la inchi 8 tayari, nilinunua kwa ajili ya mkubwa.

BabaWatatu

La inchi 8 liweke chini kwa mapacha. Ukiliweka juu litafika inchi 65, kingo itabaki inchi 6 tu. Mkubwa akipiga magoti kutandika, kingo inakuwa iko chini ya kiuno chake. Godoro la inchi 4 juu linatosha mtoto wa miaka tisa.

MwalimuBweni

Nimekaa na mabweni miaka mingi, vitanda vyetu ni vya chuma. Naongeza machache niliyoyaona.

Chuma hakina fukusi wala hakisinyai, lakini pale kilipochomelewa ndipo pa kuangalia. Weld ikipasuka inaanza na mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiona mstari huo mwite fundi wa kuchomelea kabla ya usiku.

Kunguni. Wanapenda viungo na nyufa za mbao. Mtoa mada umesema bolti, nami naunga mkono kwa sababu hiyo pia: kitanda kinachofunguka unaweza kukitoa nje, ukamwaga maji ya moto kwenye kila kiungo, ukakianika juani. Kilichopigiliwa utafanyaje?

La tatu ni kamba. Wanafunzi hufunga khanga, mikanda, kamba za kuanikia kwenye kitanda cha juu. Kwa watoto wadogo usiruhusu kitu chochote kinachoning'inia chenye kitanzi. Shingo ya mtoto na kamba iliyofungwa juu, wazazi tafadhali.

Mpangaji_Igogo

Mwalimu umenigusa. Sasa chandarua tutafungaje? Huku ziwani mbu hawana msimu, na chandarua zinahitaji kamba.

BabaWatatu

Mimi nilihangaika na hili kuliko mbao. Nilichofanya:

Kitanda cha chini, chandarua ya pembe nne nimeifunga kwa ndani, chini ya chaga za juu. Nimepiga vile vimisumari vyenye pete kwenye mbavu, vitanzi vya chandarua nimevifupisha mpaka vimebana kwenye pete, hakuna kamba inayoning'inia hata ya urefu wa kidole. Pembeni inashuka inachomekwa chini ya godoro. Watoto wamepata kijumba chao, wanakipenda.

Cha juu, chandarua inaning'inizwa kwenye paa au dari, si kwenye kitanda. Nimepiga fito nne nyembamba kuwa fremu ya ukubwa wa godoro, fremu inashikwa darini kwa kulabu, chandarua inafungwa kwenye fremu. Kwa hiyo kamba hazifiki alipo mtoto. Sehemu ya ngazi ndiyo mkubwa anapochomeka akishapanda, na mimi napita kuhakikisha kabla sijazima taa.

Na mkishafikiria dari, pimeni. Kutoka juu ya godoro la juu hadi darini pabaki angalau futi 3, mtoto aweze kukaa. Kwangu ukuta ni futi 9, zinabaki inchi 47. Chumba kisicho na dari mtoto wa juu analala karibu na mabati, mchana pale panachoma, kwa hiyo asilazwe juu usingizi wa mchana, na kitanda kiwe mbali na feni ya juu kabisa. Mkono ulionyooshwa usiifikie.

CHAGA sijazisema. Ni moja kwa nne, inchi 43, kila ubao unatoa tatu. Kumi na moja kila kitanda, nafasi ya inchi 2, zinalala JUU ya mbavu kati ya matendegu, skrubu moja kila mwisho. Karakana nyingi wanapiga ufito ndani ya ubavu halafu chaga zinakalia ufito. Ule ufito unabebwa na misumari. Tumerudi kule kule.

NGAZI ni mbili kwa nne ile ya tano, imekatwa katikati, vipago kutoka kwenye mabaki ya mbili kwa sita na mbili kwa nne. Kipago kila inchi 10. Kila kipago kimekaa juu ya kijibanzi kilichogandishwa kwenye mguu wa ngazi, sababu mnaijua. Nimeiweka kulabu mbili ili itoke: asubuhi naichomoa naiweka nyuma ya mlango, maana wa mwisho ana miaka mitatu na anapanda kila kitu.

Msasa mwanzo namba 80, kisha 120, pitisheni kiganja kila mahali mtoto atashika, na hasa chini ya ubavu wa juu ambako wa chini hupitisha vidole akiwa amelala. Vanishi mipako miwili, kitanda kikae siku kadhaa madirisha wazi mpaka harufu iishe ndipo walale.

Mpangaji_Igogo

Wakuu narudi, imepita kama miezi miwili. NIMEJENGA. Mbao nilikatia kwa jamaa Mabatini, tukapanda nazo mlimani watu watatu, safari mbili. Kuunganisha nilitumia Jumamosi nzima na mwanangu wa miaka kumi akishika tochi, maana umeme ulikatika saa kumi jioni.

Sakafu yangu imeinama upande mmoja, nyumba iko juu ya jiwe. Kitanda kiliposimama tendegu moja lilikuwa hewani, linapita daftari jembamba. Niweke kijiti chini?

FundiMkongwe

Usiweke kijiti, kitachomoka siku watoto wanacheza. Kata kipande cha plaiwudi cha unene unaotosha, kipana sawa na tendegu, kigandishe kwa gundi na kipigilie chini ya tendegu. Hapo msumari unaruhusiwa, haubebi, unashika.

Mpangaji_Igogo

Wabeja sana mzee wangu. Nimeelewa.

BabaWatatu

Hongera sana mkuu! Sasa leo hii kabla hujalala chukua spana zungukia bolti zote 24. Mbao zimekauka ndani ya chumba tangu ulipozifunga, utakuta nyingine zinakubali nusu mzunguko hata zaidi. Mimi nilikaza wiki ya tatu, nikakaza tena mwezi wa tatu, na sasa kila shule zikifungwa. Binti yangu ndiye anashika spana, mimi nashika taa. Ile kona ya kichwani upande wa dirisha anaianza yeye mwenyewe, ndiyo iliyoshuka usiku ule.

Mpangaji_Igogo

Nimezungukia zote. Saba zilikuwa zimelegea. Nimekaza.